Cherehani Mbili, Ubao Mmoja

...wala cherehani si mbovu, ni yeye tu anavyoikanyaga, anakanyaga pedali kama anaua nyoka, mwache ajaribu kabla ya kununua, ndilo alilojia, fundi mzima mwenye mvi ndevuni, amekaa kwenye kiti cha wifi yangu, na mimi huku ng'ambo ya meza najifanya napinda sketi ya mteja, macho kwenye sindano, masikio kwake, "Mama, hii inavuta uzi," ndiyo, inavuta, wifi alijua pa kuibembeleza, na wifi tumeshamzika, kaka yangu ananiambia uza hiyo cherehani ya mke wangu, inakutia simanzi bure, hajui kitu huyo, kinachonitia simanzi ni ule upande wa meza kukaa kimya... ubao mmoja, cherehani mbili, asubuhi kila mtu na mwendo wake, yeye mbio, mimi kobe, ananitania, pindo hilo utalimaliza mwakani, kisha bila mtu kusema neno miguu yetu inakwenda pamoja, taka-taka, taka-taka, nani alianza, tumegombania hilo miaka, wewe ndiye unanifuata, mwongo wewe, tukaviziana siku nzima, hakuna aliyemkamata mwenzie... shuleni mwalimu alisema jiwe linaanguka kwa kufuata sheria, nikanyoosha mkono, kabla hakujawa na mawe hiyo sheria ilikaa wapi, darasa zima likacheka, nikaitwa Hakimu wa Mawe mpaka nyumbani, nilipomsimulia wifi hakucheka, alisema labda haikukaa popote, labda ilizaliwa viwili vilipokutana, akakata uzi kwa meno akaendelea, utadhani kataja bei ya vifungo... basi sasa mmoja hayupo, sheria yetu imekwenda wapi, mguuni kwangu haimo, nimeitafuta, nikishona peke yangu mwendo unanipotea, nina upweke, wacha niseme, upweke mpaka naisalimia pasi, "Afadhali, sasa inatulia," anasema fundi, anakanyaga taratibu, mguu wake mmoja mzito, anakohoa, ubao unatetemeka mpaka viganjani mwangu na... ngoja, ngoja kwanza, hili pindo limefika huku saa ngapi, mguu wangu huu unafanya nini, mbio za wifi siyo, ukobe wangu siyo, ni kitu cha huyu na mimi, hata jina lake silijui, taka... taka, taka... taka, mguu usio na haya huu, wifi, nimekusaliti, sijakusaliti, sijui, ule mwendo haukuwa wako wala wangu, ulikuwa wetu, umekwenda nawe na haurudi, roho inaniuma, na huu ni mwingine, umeanza sasa hivi mbele yangu na hakuna aliyeuamuru, "Mama, nimeipenda, niibebe?" akiibeba nitabaki na ubao mtupu upande wa pili, kaka atafurahi, nami nitasalimiana na pasi... bei tulishaelewana, ninalotaka kumuuliza ni jingine, kama ana mahali pa kushonea, na kama hana abaki nayo hapa hapa ubaoni, anangoja jibu, hajaacha kukanyaga, na mimi sijaacha.