Onyo la Sitini na Nne

Josho la kijiji cha Mzee Mazengo lilikuwa na robo ya dawa iliyotakiwa, na aliyetoa kipimo hicho ni mwanawe, Joel.

Mzee hakujua. Alikaa mbele ya meza ya Joel huko Kizota, kwenye kampuni iliyochukua kazi ya majosho serikali ilipojitoa, kofia magotini, akieleza jinsi ng'ombe wanavyotoka joshoni na kupe wao wazima.

"Karatasi yako inasema lita tatu, tukatia lita tatu," alisema. "Au kupe wa Chamwino hawajui kusoma?"

Joel alicheka, kisha akaiangalia namba. Josho lilikuwa limetolewa tope na kujazwa upya, lita elfu kumi na mbili. Kila lita elfu inataka lita moja ya dawa.

Alijua pa kutazama: kwenye programu ya kompyuta inayopiga hesabu za dawa. Programu iliandikwa na mzungu wa kujitolea, aliyemfundisha Joel kazi halafu akarudi kwao. Ilikuwa vifungu vidogo, kimoja ndani ya kingine, kila kimoja kikipokea hesabu na kurudisha hesabu. Jina la hesabu likitumika nje ya kifungu na likatumika tena ndani, mashine ikiwa ndani inachukua la ndani tu. La nje limefunikwa. Ni kama nyumbani kwake, alikompa mtoto jina la babu: ukiita Mazengo uani, anayekuja mbio ni mdogo.

Mashine haikuwa mjinga. Kila ilipoisoma programu upya ilionya mstari kwa mstari: jina hili limefunika la nje. Maonyo yalikuwa sitini na matatu. Joel aliyapitia yote, akaona hayana madhara. Lakini Bi Anastazia, mwenye kampuni, hakutaka wateja waone mashine inanung'unika, basi mwezi wa tano Joel akayazima. Mwezi wa saba akaongeza kifungu cha maji ya kujazia, yale yanayoongezwa josho likiwa halijajaa. Kwenye programu, maji yote ya josho tayari yaliitwa maji. Na haya akayaita maji.

Sasa aliyawasha tena. Yalikuja sitini na manne. La mwisho lilikuwa lake. Programu ilikuwa imepiga hesabu ya dawa ya lita elfu tatu zilizojaziwa mwisho tu, badala ya elfu kumi na mbili zote.

Alibadili jina moja. Dakika mbili. Kisha akaingia kwa Bi Anastazia, akamweleza.

Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, akauliza ni majosho mangapi yaliyojazwa upya tangu mwezi wa saba. Matatu, Joel alisema. Akamwambia atoe karatasi mpya, azipeleke kimya kimya, asieleze kitu. Wateja wakisikia mashine imekosea, alisema, hakuna kijiji kitakachonunua tena, na sahihi iliyo chini ya karatasi zile ni ya Joel, si yake.

Joel akarudi mezani na karatasi mpya, ya lita kumi na mbili. Ilionekana inawezekana. Ampe mzee, amsindikize stendi, yaishe.

"Afadhali," mzee alisema akiikunja. "Maana Charles tumeshamfukuza."

Charles ndiye aliyekuwa akitia dawa joshoni.

"Kwa nini, baba?"

"Mwizi. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya kamati ya josho. Nikawaambia karatasi ya mwanangu haikosei, kwa hiyo dawa imeuzwa."

Joel alitazama mlango wa Bi Anastazia. Ulikuwa wazi. Akisema, anasikika; asiposema, Charles ni mwizi mpaka afe, na aliyemshtaki ni baba yake Joel.

"Charles hakuiba," alisema. "Ni mimi niliyekosea hesabu."

Mzee akaivaa kofia, akaivua.

"Yaandike hayo," alisema. "Mimi siwezi kuyasema kwa mdomo wangu."

Joel akaandika, mlango ukiwa wazi vilevile.

Ndigana, homa inayoletwa na kupe, ilichukua ng'ombe kumi na saba kwenye josho la kwao, sita wa Mzee Mazengo. Tisa kwenye josho la pili. Kwenye la tatu karatasi mpya iliwahi. Kazi ya Joel iliisha siku ileile aliyoandika. Mzee alijiuzulu kwenye kamati. Charles alipelekewa barua ile ya Joel huko Hombolo, alikokuwa amehamia na mke na watoto wanne. Aliisoma, akairudisha, na hakurudi.