Kiti cha Katikati

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya vibali, na halikuwa na maneno mengi: safari za mazishi marufuku mpaka ugonjwa upungue, safari za mapumziko ruksa. Fundi alilisoma mara mbili, uzi ukiwa bado unaning'inia shingoni, maana alikuwa ametoka kwenye cherehani mbiombio bila kujitazama. Mama yake alikuwa amezikwa jana, katika mji wa hoteli na ufukwe, mikononi mwa watu wasiomjua waliovaa mavazi meupe gubigubi.

"Basi nipe cha mapumziko," alimwambia karani.

"Kwenda wapi?"

Akautaja mji uleule. Karani akagonga muhuri. "Kafurahi, dada yangu."

Haya, ndiyo kufurahi huko. Alinunua kofia pana, miwani ya jua na nguo ya kuogelea yenye maua, yeye ambaye maji yakimfika magotini hupiga mayowe. Shida ilikuwa kwenye kulia. Macho mekundu na kamasi zilihesabiwa dalili, na mwenye dalili alirudishwa na ndege ileile. Kwa hiyo alipanga kujikaza mpaka kaburini, halafu pale alie mpaka aseme basi.

Ndani ya ndege kila kiti cha katikati kiliachwa wazi ili watu wasipumuliane. Katika viti hivyo walikaa marehemu. Walivikuta havina mtu, na wao nao walikuwa wamechoka kusubiri watu wao walionyimwa vibali. Mama yake Fundi alikuwa ameshajifunga mkanda, kati ya kiti cha binti yake na cha bwana mmoja aliyekumbatia boya la kuogelea.

"Umechelewa," mama alisema.

"Walininyima kibali, mama."

"Najua. Hebu sogeza kiwiko."

Mhudumu akapita. "Bibi, barakoa tafadhali." Fundi akatoa ya akiba mkobani. Mama akaigeuza, akaukagua mshono. "Umeishona wewe hii?"

"Ndiyo."

"Uliharakisha." Akaivaa hivyo hivyo.

Fundi hakutulia. Alifunga mkanda, akaufungua, akapaka dawa ya mikono mpaka vidole vikamwasha. Mtu akakohoa huko nyuma na abiria wote wakageuka, hata marehemu. Fundi alipovuta kamasi mara moja tu, bwana wa boya alisogea mpaka nusu ya mwili ikawa njiani. Uchungu ulimpanda, akajua kwamba hafiki kaburini bila kulia.

"Nipe nikushikie," mama alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akimpokelea mkoba wa shule. Akachomoa mfuko wa karatasi wa kutapikia, akaufungua chini ya kidevu cha binti yake. Machozi yakamtoka yote kimyakimya, pamoja na yale ya siku za mbele, yakaujaza mfuko nusu. Haukuvuja. Mama akaukunja mdomo mara mbili. "Njoo pale kwangu, nitakurudishia."

Walipotua, muuguzi alimpima Fundi joto, akamwangalia macho, akayakuta meupe pe. Alipompima mama, kipimo hakikuonyesha kitu. Muuguzi akakipigapiga kiganjani, akajaribu tena, kisha akampungia mkono apite. Asiye na joto hana homa.

Ndipo Fundi akavalishwa bangili ya plastiki. Wageni wa mapumziko hawatoki nje ya hoteli. Karani hakuwa amelisema hilo, na nani angemuuliza? Katika basi la hoteli alimsihi dereva asimame makaburini, dakika moja tu, kaka yangu.

"Dada, mimi hapo sisimami. Nitafukuzwa kazi."

Mama alikuwa ameshafika. Alisimama kando ya tuta la udongo mpya, karibu kabisa na barabara, akiinua ule mfuko. Dereva naye alimwona, akampigia honi ya salamu, akakanyaga mafuta.

Siku zote za hoteli Fundi alizunguka kati ya bwawa na geti. "Ufukwe uko kule, dada," mlinzi alimwambia kila alipomwona. Alijifungia bafuni ajaribu kulia, akaambulia kwikwi.

Siku ya kurudi, viti vya katikati vilikuwa vimeanza kuuzwa tena, biashara ni biashara. Katikati aliketi kijana anayetafuna viazi vya pakiti, barakoa kidevuni. Marehemu walibaki nje ya uzio wa uwanja. Ndege ilipokata kona, Fundi alimwona mama akimwonyesha mfuko, kwamba upo salama.

Nyumbani majirani walikuja kutoa pole, wakaikuta ile kofia pana ukutani. Walipotoka hawakungoja wafike mbali.

"Mama mtu hajapoa kaburini, yeye anaogelea!"

"Na hata chozi hana. Ana roho ngumu yule."

Fundi aliwasikia. Alimaliza kushona pindo, akaenda ofisini. Tangazo lilikuwa palepale mlangoni.

"Mapumziko tena?" karani aliuliza.

"Mapumziko."

"Una raha wewe," alisema, akagonga muhuri. Fundi akamtazama kwa macho makavu, akamshukuru.