Gunia la Domitille

Domitille alikaa chini mbele ya depo ya mahindi ya Tharcisse, kwenye njia ya Mutoshi, miguu kainyoosha, ungo mapajani, akichagua mahindi. Meupe huku. Kule yale yenye ukungu wa kijani, yaliyopakiwa mabichi na kunyeshewa juu ya lori. Desturi ya depo ni kwamba mabaya ni ya mwenye kuchagua. Anaenda nayo nyumbani, anayaosha, anayasaga, anasonga bukari, ugali wa kwao. Wachaguzi wote waliamini moto unamaliza kila kitu.

Karibu na saa ya kula, gunia lake la mabaya likagumia kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani.

Rachelle, aliyechagua pembeni yake, hakuinua kichwa.

“Gunia yako iko mugonjwa.”

“Nasikia.”

“Uipatie maji.”

Domitille akalinywesha kikombe kizima. Likagumia tena, na sasa akaitambua sauti. Ilikuwa ya Stany, mume wake, aliyelala nyumbani tumbo limevimba, macho ya manjano. Kwenye dispensari walisema ni ini, wakauliza anakunywa lutuku kiasi gani. Stany hajaonja pombe maisha yake yote. Bukari ya mke wake alikula kila siku.

Domitille akaingia ndani kwa patron.

“Tata Tharcisse, hii mabaya yote uchome.”

Tharcisse akatoka, akatega sikio kwenye gunia.

“Njo sauti ya Stany kabisa,” akasema. “Umusalimie.”

“Uchome, tata.”

“Nikichoma, mutakula nini? Mi njo nabalishaka ninyi wote.”

Jumapili kanisani, wakati wa matoleo, Tharcisse alipanda kuelekea altareni akicheza, na vijana wawili nyuma yake wamebeba gunia la mahindi meupe. Nyuma yao alicheza Domitille, gunia lake kichwani, nalo likigumia kwa kufuata ngoma. Watu wakampisha. Gunia la Domitille lilipowekwa chini halikunyamaza. Abbé, padri wao, akangoja, akaona muda unapita, akasema tumwombee mgonjwa. Wote wakaomba. Tharcisse aliomba kwa sauti kuliko wengine.

Baada ya misa, katekista Kanku alikuwa analivuta gunia hilo kwenda chumba cha msaada wa maskini. Domitille akashika upande wa pili.

“Mama, umeshamutolea Mungu,” Kanku akasema.

“Nilimuonyesha tu. Sikumwambia akule.”

Akalirudisha nyumbani, akaliegemeza karibu na mkeka wa Stany. Wakagumia pamoja, yeye akiwapangusa wote wawili kwa kitambaa kimoja. Siku hizo alipika viazi vitamu, lakini Stany hakuwa tena na nafasi tumboni. Mvua zilipokwisha akazikwa. Gunia likaendelea na sauti yake.

Siku ya kurudi kazini, Domitille hakukaa chini kuchagua. Akaenda moja kwa moja kwenye balansi, mizani ya depo, akaweka gunia juu yake, akakaa juu ya gunia.

Wakati huo magunia mengine, hata yale ya kuuza, nayo yalikuwa yameanza, kila moja na sauti ya mgonjwa wa nyumba fulani. Tharcisse aliyatengea kona yao na kuyapunguzia bei. Wateja walikuja toka mbali, hata Fungurume, wakiinama na kutega sikio, kisha wakichukua yale yanayogumia kidogo. Patron alinunua spika kubwa, akafungulia rumba.

“Mama Domitille, toka kwa balansi yangu.”

“Bwana yangu anapumuzika.”

“Bwana yako alikufa.”

“Umuambie mwenyewe. Yuko hapa.”

Tharcisse akatega sikio. Akaongeza sauti ya rumba.

Domitille akalipiga gunia ubavuni. “Stany, usichoke.” Nalo likapaza sauti, mpaka dereva wa lori la kobalti akazima injini barabarani na kuvua kofia, akidhani kuna msiba.

Balansi ikiwa na mtu, Tharcisse akatuma ndoo iletwe, akaanza kupimia watu kwa ndoo. Foleni ikasogea.

Jioni Rachelle alimaliza kuchagua. Akalifunga fungu lake la kijani, likagumia kidogo kwa sauti ya mtoto, akaliweka kichwani.

“Rachelle, acha hiyo,” Domitille akamwita toka juu ya balansi.

“Batoto banangoya kula, mama.”

Akaenda. Domitille akavua viatu, akavipanga vizuri chini ya balansi, kama mtu aliyefika kwake.