Bango la Kabla na Baada

Duka la Flashi lilipohamia barabara kuu, kitu cha kwanza kupandishwa juu hakikuwa jina la duka. Lilikuwa bango. Bango refu kuliko mlango, limefungwa kamba kwenye nguzo za baraza, na juu yake uso wa mwanamke mmoja mara mbili. Kushoto uso una madoa meusi na malengelenge kutoka shavuni mpaka shingoni, ngozi imejikunja kama plastiki iliyokaribia moto. Chini yake: KABLA. Kulia uso uleule, laini, unang'aa, hauna hata alama ya chunusi. Chini yake: BAADA. Na katikati, kwa herufi nyekundu: HAKUNA SURA INAYOTUSHINDA.

Wateja wakamiminika. Maharusi, wahitimu, wagombea wa vyama vya ushirika, kila mmoja akitaka atengenezwe "kama yule mama". Flashi, ambaye jina hilo alilipata kwa tabia ya kummulika mtu machoni hata mchana kweupe, akawa hapati nafasi ya kumeza tonge. Akanunua taa mpya. Akanunua gari dogo, akaandika jina la duka ubavuni.

Yule mama wa kwenye bango alikuwa shangazi yake.

Hakumwomba ruhusa. Bango likiwa bado liko kwa mchapaji alijisemea kwamba angemwambia wiki inayofuata. Lilipopanda akajisemea kwamba shangazi mwenyewe hapiti mitaa hii, miguu inamsumbua. Ndivyo mtu anavyojificha nyuma ya miguu ya mwenzake.

Na huyo shangazi ndiye aliyempa chumba cha mbele alipoanza, wakati hana hata pa kutundika kamera. Shuka jeupe ukutani, stuli ya jikoni katikati, sufuria inachemka nyuma ya pazia. Watu walikuja kupiga picha za paspoti, na shangazi mwenyewe ndiye aliyewashika videvu. "Inua kidogo, baba. Usikodoe macho kama umekamatwa." Wateja wakicheka, Flashi anabonyeza. Biashara ilisimama imara kwa ule mkono chini ya kidevu.

Picha ya kwenye bango ilipigwa humo humo, na haikupigwa kwa ajili ya biashara. Shangazi wakati huo alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kutia nguo rangi, ng'ambo ya reli. Wanawake walichovya mikono kwenye mapipa ya dawa bila glavu, mvuke unawapanda usoni, na msimamizi anawaambia rangi haijawahi kuua mtu. Ngozi ilipoanza kutoka malengelenge, kisha kuchubuka, walifukuzwa kwa mkupuo mmoja. Mlinzi wa geti ndiye aliyetumwa kuwaambia, maana mabwana walikuwa na kikao. Hayo yalitokea. Wenye kiwanda wanategemea yasahaulike, na wana kila sababu, kwa kuwa sisi ni hodari wa kusahau.

Jumapili moja wale wanawake walipanga foleni mbele ya lile shuka jeupe, wakiwa na sare zao za buluu ambazo walikataa kuzirudisha. Flashi aliwapiga mmoja mmoja. Shangazi alikaa wa mwisho.

"Nipige nilivyo," alimwambia. "Usinipendezeshe. Iko siku tutaulizwa, na midomo yetu peke yake haitatosha. Hizo negativu uzitunze kama macho yako."

Alizitunza, miaka mingi. Halafu alipojiandaa kuhamia duka jipya alitazama zile katoni za negativu, vipande vya filamu vyenyewe, zimefumbata vumbi na mayai ya mende, akaona haziendani na vioo. Picha zenyewe si alikwisha kuzinakili kwenye kompyuta? Akazichoma nyuma ya nyumba. Na alipotafuta uso wa kuonyesha watu kazi yake ya kusafisha sura, akapekua kompyuta, hakuona uso uliohitaji kusafishwa kuliko ule.

Shangazi alifika dukani asubuhi moja bila taarifa. Alikuwa na mwenzake wa siku za kiwandani, mwanamke mwembamba aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia. Shangazi alijitanda mtandio usoni, yakabaki macho. Flashi alishangaa. Miaka yote hiyo shangazi alitembea na madoa yake peupe, sokoni, misibani, popote, na aliyekodoa macho alikodolewa zaidi.

"Shikamoo shangazi. Mbona umejifunika hivyo, unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi."

"Haumwi huyu," alidakia Redio. "Ana jina jipya. Vijana wa pale stendi wanamwita Mama Kabla. Mama Kabla, leo umekuja na Baada? Mama Kabla, shemeji anakulaje na taa imewaka? Wewe hukulijua hilo jina? Umemwandikia mwenyewe, tena kwa wino mzuri."

Flashi alihisi masikio yanapata moto. "Shangazi, ni biashara tu. Nilitaka kukwambia."

"Uliniandika Kabla," alisema shangazi, taratibu, kama mtu anayesoma kitu kwa mbali.

"Na Baada pia, shangazi."

"Baada ya nini?" Redio aligonga meza ya kioo. "Baada ya kufa? Maana mimi hapa hai sijamwona akiwa hivyo!"

Mteja aliyekuwa anasubiri picha za kitambulisho aliangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa.

Shangazi hakutaka ugomvi. Alikuja kwa jambo moja: ofisi ya kazi imekubali hatimaye kulisikiliza shauri lao. Kiwanda kinajitetea kwamba madoa yametokana na mkorogo, kwamba wanawake wamejichubua wenyewe kwa tamaa ya weupe. Kitu pekee kinachoonyesha yale malengelenge yakiwa mabichi, juu ya sare ya kiwanda, ni zile picha. "Utuchapie zote. Na uje mwenyewe useme ulizipiga lini na wapi. Na hilo la huko juu ulishushe."

"Leo leo, shangazi. Jioni halipo."

Alimaanisha. Ila mchana wa siku hiyo hiyo aliingia meneja wa mauzo wa kile kiwanda, viatu vinalia, anatabasamu mpaka magego. Walikuwa wanatengeneza kalenda kubwa ya mwaka, wafanyakazi wenye furaha kila mwezi, halafu vitambulisho vya watu wote, halafu picha za kila sherehe. Kazi ya kumwinua mpiga picha mdogo akawa kampuni.

"Bango lako ndilo lililonileta," alisema meneja. "Nimesimamisha gari katikati ya barabara, nakwambia. Watu wetu, unajua, wana ngozi ngumu ngumu. Mikono pia. Wewe utatusafishia."

Flashi aliuliza wanataka saizi gani. Hakuna lingine aliloliuliza. Na bango likabaki, kwa sababu unamshushiaje mtu bango lililomleta? Akajiambia mkataba ukishasainiwa tu, atalishusha.

Siku ya shauri walikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na feni isiyozunguka. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, miwani puani, sauti ya kuchoka. Upande mmoja wanawake, wamebanana kwenye viti kama wako kanisani. Upande wa pili wakili wa kiwanda na kompyuta yake ya mapajani. Picha zilipangwa mezani, nyuso na mikono, sare za buluu. Msuluhishi aliichukua moja, akaitazama kwa muda, akaiweka chini kwa kuigeuza.

Wakili akaomba aonyeshe picha moja tu. Akaisogeza simu yake mezani. Lilikuwa bango.

"Mheshimiwa, naomba nisaidiwe. Mama huyu ana madoa au hana? Maana duka lililompiga akiwa nayo ndilo hili linalomwonyesha hana. Na limeandika lenyewe, kwa herufi nyekundu, kwamba hakuna sura inayolishinda."

Flashi alisimamishwa. Alisema yote: alizipiga yeye, chumbani kwa shangazi, kwa filamu, na ya kwenye bango aliitengeneza baadaye kwa ajili ya tangazo.

"Vizuri," alisema wakili. "Kama ni filamu, negativu zipo. Tuletewe."

"Hazipo."

"Zimeenda wapi?"

"Nilizichoma." Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nahama."

Redio alitoa mguno mrefu, wa mtu aliyekanyagwa kidole. Msuluhishi alimwomba anyamaze, na ikawa ajabu, akanyamaza.

"Sasa, ndugu mpiga picha," wakili aliendelea, mpole kama anamwongoza mgonjwa. "Unaweza kuondoa doa. Kuongeza je?"

Angeweza kusema hapana. Nani pale ndani angejua? Flashi aliwatazama wanawake, akamtazama shangazi, macho tu juu ya mtandio, akajua kwamba uongo ungewafaa na kwamba yeye hakuwa na uso wa kuusema, kwa kuwa bango lake lilikwisha kusema.

"Inawezekana," alisema.

"Tuonyeshe." Wakili alifungua picha yake mwenyewe, shavu safi la mtu aliyelala vizuri, akamgeuzia kompyuta. "Niweke doa kama hilo la shangazi yako."

Msuluhishi alisita, kisha akatikisa kichwa kukubali. Flashi alikaa. Alikusudia kuboronga. Wallahi alikusudia: doa la kitoto, limeelea juu ya ngozi kama kiraka. Lakini mkono uliposhika kipanya ukafanya ulichozoea. Ulichukua rangi ya shavu, ukaitia giza kidogo kidogo, ukafuata tundu za ngozi, ukaukunja ukingo wa doa pale unapokutana na taya, kwa sababu doa la kweli huwa halikati, huyeyuka. Watu wakainama mezani kutazama. Mtu mmoja nyuma akasema, "Duh, huyu anajua." Na Flashi, Mungu amsamehe, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la fundi kazi inapokaa. Alipoinua macho akakutana na ya shangazi.

Tabasamu lilimgandia mdomoni, akashindwa namna ya kuliondoa.

"Nashukuru," alisema wakili, akafunga kompyuta. "Sina swali lingine."

Msuluhishi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema hasemi akina mama ni waongo. Alisema anaona mikono yao. Ila picha hizi hawezi kuziegemea, na bila hizo haoni cha kumwonyesha madoa ni ya mwaka gani wala ya wapi. Watafute ushahidi mwingine. Shauri likaahirishwa bila tarehe, na anayejua ofisi hizo anajua maana yake.

Nje, kwenye varanda, wanawake walisimama kikundi, wakizungumza kwa sauti za chini kuhusu daktari fulani aliyewahi kuwatibu, kama yu hai, kama ana kumbukumbu. Picha zao zilikuwa kwenye bahasha chini ya kwapa la Redio. Flashi alisogea.

"Nina gari. Niwafikishe, shangazi."

Redio alitazama jina lililoandikwa ubavuni mwa gari. "Tutatembea. Tukipanda hilo, tutashuka tumenyooshwa mikunjo."

Mmoja alicheka kidogo, kicheko cha uchovu. Wakaanza kuondoka. Shangazi alibaki nyuma, na Flashi akafungua mdomo aombe msamaha, na simu ikaita mkononi mwake, akaipokea bila kutazama, kama anavyopokea simu za wateja siku nzima.

"Kijana!" Ilikuwa sauti ya meneja, kubwa, inasikika mpaka nje ya simu. "Wakili amenieleza. Umetusaidia mno. Jumatatu njoo usaini, tuanze kalenda."

"Asante, mkuu," alisema Flashi.

Neno lilitoka kabla hajajua linatoka, na adabu yake yote, na kainamo kadogo ka kichwa. Simu ikakatwa. Shangazi alikuwa amesimama hatua moja tu.

"Imenitoka tu, shangazi. Haki ya Mungu. Sikukusudia."

"Najua hukukusudia," alisema. "Hicho ndicho kinachonitisha."

Akaushusha mtandio, akaukunja, akaushika mkononi. Madoa yote yakawa nje juani, shavu na taya na shingo. Hakumtazama tena. Aliwafuata wenzake, kwa ile miguu yake inayosumbua, na Redio akarudi nyuma kumshika mkono.

Flashi alibaki pale mpaka walipofika kwenye kona. Kisha akapiga namba ya meneja. Alibabaika, akasema hatakuja Jumatatu, akaulizwa kwa nini, akasema hawezi, akaulizwa tena, akasema kalenda yenyewe ni uongo, na yule mtu upande wa pili akacheka, akamwambia wapiga picha wamejaa mjini, akakata.

Akageuka upesi kutazama kona. Hapakuwa na mtu. Ndipo alipogundua kwamba wakati wote akizungumza alikuwa amepaza sauti, apate kusikika huko walikokwenda. Hakuna aliyesikia. Na akaona aibu nyingine, mpya kabisa, juu ya zile alizokuja nazo: kwamba alitaka asikiwe.