Saa ya Kijivu Kilichokolea

"Kamati ya Vifurushi inawatangazia wanachama, watumiaji na umma kwa jumla kwamba, baada ya mashauriano ya kina, rangi ya saa iliyo kwenye kona ya skrini imebadilishwa kutoka kijivu kuwa kijivu kilichokolea kidogo. Kuanzia leo hadi toleo lijalo, saa hiyo haitaguswa tena kwa sababu yoyote."

Tangazo lilitiwa saini na mwenyekiti wa kamati, ambaye ndiye aliyeiandika hiyo saa, na ambaye, kwa mfungashaji wa programu aliyekuwa akilisoma, alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba yake wa kumzaa. Mfungashaji hakulijali. Watu wa mfumo ule endeshi wa kompyuta, walioutengeneza kwa kujitolea na kuugawa bure kwa yeyote autakaye, walikuwa na mazoea ya kugombania rangi kwa bidii ambayo watu wengine huitumia kugombania mirathi.

Yeye alikuwa na lake. Kulikuwa na programu ya kupima mwendo wa kompyuta: huchungulia ndani mara nyingi kwa kila sekunde, huona ni programu gani imeshika kichakataji, ubongo wa kompyuta, kisha hutoa ripoti inayozipanga zote, mlafi wa kwanza juu. Programu yenyewe waliiandika wengine. Kazi yake ilikuwa kuifungasha, yaani kuikusanyia kila inachokitegemea, kuhakiki leseni na kuiandikia mwongozo, ili mtu aipate kwa amri moja bila kumlaani mtu. Kilikuwa kifurushi cha kwanza kubeba jina lake. Mlango wa kupokea vifurushi ungefungwa Ijumaa, na kikikosa kingengoja toleo lijalo. Kamati ile haikuwahi kusingiziwa haraka.

Ilibaki ripoti ya mfano tu, ambayo kanuni zilitaka ipimwe kwenye mfumo mpya usioongezewa kitu. Akapima. Juu kabisa ilikaa saa. Akafuta kila kitu, akapima upya. Saa. Akaitumia kamati ripoti kama ilivyo, maana hakuwa na nyingine, na jibu la mwenyekiti likamfika hata hajainuka kitini: "Chombo kina hitilafu. Kinadai saa ndiyo inayoila kompyuta. Kirekebishwe kwanza, ndipo kipokelewe."

Ilikuwa Alhamisi. Alivaa viatu, akaenda kwa miguu.

Baba Mdogo alikuwa kwenye chumba chake cha kazi, mbele ya kompyuta kuukuu ambayo feni yake ilivuma kama mashine ya kusaga. Chumba cha pili, nyuma ya mlango uliofungwa kwa sababu hiyo hiyo, mkewe alikuwa akisahihisha mitihani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umekuja kunisalimu au kunishtaki?"

"Nimekuja kukuonyesha."

"Saa hiyo niliiandika wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Haijawahi kuchelewa hata dakika."

"Haichelewi kwa sababu hailali. Badala ya kungoja dakika igeuke, inauliza saa ngapi, saa ngapi, bila kupumua. Kama mtoto safarini anayeuliza kama tumefika."

"Mtoto wa namna hiyo namjua. Alikuwa akikaa kiti changu cha nyuma."

"Basi unajua inavyochosha."

Mwenyekiti aliisoma ripoti kwa mara nyingine, kwa uso wa mtu anayesoma kipimo cha damu ya jirani na kukuta jina lake mwenyewe. "Chombo chako kina chuki binafsi," alisema.

"Hata hakikufahamu, baba mdogo. Niruhusu niizime saa tu, dakika moja."

"Zima. Utaona hakibadiliki kitu."

Akaizima. Feni ikapunguza sauti, ikanong'ona, ikanyamaza. Kutoka nje ukasikika ufagio wa jirani, ambao huenda ulikuwa ukifagia miaka yote hiyo. Mlango wa pili ukafunguka, Mama Mdogo akasimama na kalamu nyekundu mkononi.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," alisema mumewe. "Tumezima saa."

"Saa? Hicho kidude cha pembeni?" Akaitazama kona tupu ya skrini. "Miaka yote nalalamika kelele, unaniambia ni uzito wa kazi unazofanya!"

"Zilikuwa nzito."

"Ya kwangu iko ukutani, na haijawahi kunivumia. Kaa, mwanangu, nikuletee chai. Leo umenifaa."

Mwenyekiti alikuwa ameufungua msimbo wa saa yake, maandishi yanayoiendesha, na kuteremka nao, kidole kwenye skrini, hadi akaukuta mstari wenyewe. Kando yake palikuwa na maneno aliyoyaandika yeye: "Kwa muda tu."

"Ni mstari mmoja," mfungashaji alisema kwa upole. "Naweza kuurekebisha sasa hivi."

"Najua. Laiti ungekuja kabla ya rangi."

"Si utangaze upya?"

"Nitangaze nini? Nimesema haitaguswa kwa sababu yoyote. Hilo 'yoyote' nililiongeza mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Wasinirudie kuhusu kijivu."

Akaiwasha saa. Feni ikapanda ngazi zake, ikafika kileleni, ikatulia huko. Mama Mdogo alileta chai, akaiweka mezani, akaufunga mlango wake kwa namna ambayo haikuhitaji ufafanuzi. Mfungashaji alikunywa taratibu, akiwa ameridhika kuliko alivyotazamia. Alikuwa amemwona mwenyekiti wa kamati akiiamini namba isiyompendeza, jambo ambalo wengi hufa hawajalishuhudia. Na chai ilikuwa nzuri.

Ijumaa, kabla mlango haujafungwa, uamuzi ulitoka:

"Kamati imekipokea kifurushi cha kupimia mwendo, chini ya jina la mfungashaji wake, na inampongeza. Saa itabaki kama ilivyo. Ili kuepusha mkanganyiko, ripoti ya mfano itaanza kuhesabiwa kutoka programu ya pili. Malalamiko ya kelele yaliyowasilishwa kutoka chumba cha pili yamepokelewa na kuwekwa katika kumbukumbu."