Maji Yasiyozuilika

Mfuko wa mkojo ulioning'inia ubavuni mwa kitanda ulikuwa umejaa tena. Mama mkwe wangu, Nabalayo, aliutazama kama mtu anayetazama shamba lake baada ya mvua.

"Mwanangu anakojoa kama ndama," alisema. "Halafu majirani zetu wa Laini Saba wananipa pole. Pole ya nini?"

Muuguzi aliyekuja kuumwaga alitabasamu kidogo, kisha akainamisha macho.

Mume wangu, Khaemba, alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa huko Kawangware, akipigilia mabati ya nyumba za kupanga. Siku ya kwanza mkojo haukutoka, na tuliambiwa tuombe figo zifanye kazi. Tuliomba. Mama alifunga, hata chai hakugusa. Sasa maji yalitoka bila kukoma, maangavu kuliko ya bomba letu. Mwili wake ulikuwa na joto, na kifua kilipanda na kushuka pamoja na mashine. Mimi pia nilianza kuwaza nitakavyomwachia kitanda akirudi nyumbani, nami nilale chini.

Ndipo Daktari Oketch aliponiita nje ya wodi.

"Dada Nasipwondi, maji hayo si nafuu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Hutoa homoni inayoziamuru figo zizuie maji. Ubongo wake umekufa, na tezi hiyo imenyamaza nao. Figo zinaachia tu."

"Lakini moyo unapiga."

"Unapiga kwa sababu mashine inampa hewa. Tunataka kuizima leo. Zungumza na mama yake kwanza."

Nilisimama pale nimeegemea ukuta. Tulikuwa tumemshukuru Mungu kwa kifo, tena kwa sauti.

Niliporudi, Mama alikuwa akimkanda miguu.

"Amesema tunamtoa lini?"

Nilimweleza kwa Kibukusu, polepole, nikitafuta maneno ambayo lugha yetu haikuwa nayo. Hakulia. Aliutazama mfuko, ambao ulikuwa umeanza kujaa upya.

"Maji yote haya," alisema, "na hakuna wa kuyazuia."

"Hakuna, Mama."

Alichovya ncha ya leso yake katika kikombe cha maji, akamlowesha midomo taratibu, kuuzunguka mpira wa mashine.

"Atakuwa na kiu," alisema. "Mwite huyo daktari. Lakini mwambie asiizime kwa haraka."