Nishikie Nafasi

Kila Jumapili, kabla jua halijawa kali, Taratibu alishuka kwenye lori lake, akazunguka akipiga matairi teke moja moja kusikiliza upepo, akafuta kioo cha mbele kwa kitambaa kibichi, kisha akarudi kwenye kiti cha dereva kumsubiri binti yake alete chakula. Binti alikuja na hotipoti mbili ndani ya kikapu. Mwaka jana alikuwa amempita baba yake umri, na tangu hapo hakupenda tena kuitwa Kasuku mbele za watu.

Jina hilo alilipata alipokuwa na miaka sita, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Mwaka huo huo baba yake alipakia kontena la viatu vya watoto wa shule kutoka kiwanda kipya cha viatu, akafunga lakiri, akamwambia mkewe asihangaike kumwekea chakula kwenye friji maana jioni atakuwa amerudi, akaenda kuingia kwenye foleni ya bandarini. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Bado alikuwa nayo.

Sababu ilijulikana, haikuwa siri ya mtu. Mkataba wa kampuni ya malori ulisema kwamba muda wa kusubiri nje ya lango hauhesabiwi. Madereva walitia saini bila kusoma, kama tunavyofanya wote, na miili yao ikaufuata mkataba. Ndevu hazikuota. Kucha hazikurefuka. Taratibu aliingia kwenye foleni na mafua mepesi, yale ya kuanza kuwashwa puani, na akabaki nayo vile vile. Njaa peke yake ndiyo haikusoma mkataba. Walinzi wa lango wao walizeeka kama kawaida, kwa sababu walilipwa kwa zamu.

Foleni ilishika upande wa kushoto wa barabara, ubavuni mwa ukuta mrefu wa kiwanda cha sabuni. Taratibu alipofika hapakuwa na ukuta, palikuwa na majani na mbuzi wawili. Kikaja kiwanda cha sabuni, kikaja cha nyaya, kikaja cha vioo, na kila kilichowasha mashine kilileta malori yake. Ya viwanda vikubwa yalipitia Lango la Pili, ng'ambo ya barabara, na hayakusimama hata kupunga mkono. Ya wengine yalielekezwa Lango la Kwanza, ambako palikuwa na mizani moja, nayo mbovu. Siku ikipona, lori moja liliingia, na papo hapo jingine lilichomekwa mbele kwa kibali kutoka ofisini. Ndiyo maana mbele ya Taratibu palikuwa na malori mawili. Yalikuwa mawili tangu Kasuku hajaota meno ya ukubwani.

Mara moja kwa mwaka bwana mmoja wa bandari, mwenye kofia ngumu nyeupe, alikuja kuwaeleza madereva kwamba msongamano ni dalili njema. Nchi inakua, alisema. Meli ni nyingi, mizigo ni mingi, gati jipya liko njiani. Zamani alikuwa akivua kofia na kuonyesha nywele nzuri. Siku hizi hakuivua. Madereva walimpigia makofi kwa adabu, na mmoja wao alimuuliza mizani itatengenezwa lini. Bwana alijibu kwamba hilo ni swali zuri sana.

Kushuka kwenye foleni hakukukatazwa. Dereva wa lori la nyuma, aliyeitwa Kofia, alishuka siku alipofiwa na mama yake. Alianza kuvuka barabara akiwa kijana mtanashati, na kufika ng'ambo alikuwa babu, kwa kuwa miaka yote ambayo haikuhesabiwa ilikuwa inamsubiri pale kwenye mstari mweupe. Lori lake halikuwa na mtu, likavutwa mpaka mwisho wa foleni. Mwisho wenyewe hakuna aliyekuwa ameuona. Baada ya hapo madereva wakajifunza kukaa upande wao. Choo, kwa bahati, kilikuwa upande huo huo.

Miaka ya mwanzo mkewe ndiye aliyeleta chakula. Alipanda mpaka kwenye kiti cha abiria, akavua viatu, wakala pamoja na kupiga soga kama watu walio safarini. Kisha magoti yakaanza kumsumbua, akawa anasimama chini na kuongea kupitia dirishani. Siku moja dereva mgeni, aliyechukua nafasi ya Kofia, alimpa shikamoo akamuuliza kama amekuja kumwona mwanawe.

"Ndiye huyu," mke alijibu. "Nimemlea vibaya. Akitoka harudi."

Walicheka wote watatu. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja Kasuku peke yake, na Jumapili zote baada ya hapo. Taratibu aliumia, wala hakuficha. Alikula huku akifuta machozi, na dereva mgeni akainamisha macho kwenye usukani wake.

Jumapili hii Kasuku aliweka kikapu chini na hakukifungua.

"Mama hainuki," alisema.

"Ana nini?"

"Moyo. Daktari kasema tusimsumbue tena na hospitali. Jana kanipa shati lako la mistari nilipige pasi."

Taratibu aliyatazama malori mawili yaliyokuwa mbele yake. Mtu akiyatazama hivyo, yalionekana karibu sana.

"Lori likivutwa na mzigo ukapotea, nyumba inakwenda," alisema. "Niliiweka dhamana. Atalala wapi?"

"Nishajua. Wewe nenda, mimi nitakushikia nafasi."

"Na mtoto wako?"

"Nimemwacha kwa jirani. Saa mbili tu, Baba. Leseni ninayo, gari la mikate naendesha kila siku. Wakisogea, nasogea."

"Ukikaa hapa hutahesabiwa."

"Saa mbili? Nizipate wapi nyingine za bure kama hizo."

Walibadilishana. Yeye alishuka, binti akapanda, akasogeza kiti mbele kidogo kwa sababu miguu yake ni mifupi.

Taratibu alipokanyaga mstari mweupe, goti la kulia ndilo lililoanza. Hatua chache mbele meno yalilegea na nywele zikawa nyeupe. Katikati ya barabara alipiga chafya moja kubwa, na yale mafua yakaisha. Kufika ng'ambo suruali ilikuwa inamvuka kiunoni, ikabidi aishike kwa mkono. Msichana mmoja alimpisha njia akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kusita.

Nyumbani, shati la mistari lilikuwa limetandikwa upande wake wa kitanda. Mkewe alifungua macho akamkagua kwa muda mrefu, kuanzia upara mpaka viatu.

"Umechelewa," alisema.

"Foleni."

"Chakula sikukuwekea kwenye friji. Ulisema nisihangaike."

Alimpapasa shavu, akapita na kidole kwenye kila mkunjo.

"Sasa ndiyo wewe," alisema. "Yule kijana wa kwenye lori nilikuwa namwonea aibu."

Taratibu alilala kando yake, juu ya shati. Walizungumza juu ya bati linalovuja na juu ya mjukuu ambaye, kama mama yake zamani, alikuwa hanyamazi. Alasiri mkewe alifariki akiwa amemshika kidole gumba. Palikuwa na maziko, palikuwa na wageni wa kupokewa, na zile saa mbili zikawa wiki.

Aliporudi kwenye foleni alivuka barabara kwa shida, akampa mlinzi wa Lango la Kwanza leseni yake.

"Mzee, huyu si wewe," mlinzi alisema.

"Ni mimi. Nilishuka kidogo."

Mlinzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliitazama tena picha, akamtazama mzee. "Na hata angekuwa wewe," alisema, "umri huo hauruhusiwi kuendesha."

Kasuku alikuwa ameyasikia yote dirishani. Alishaandikwa kuwa dereva wa lori hilo siku ya pili, kampuni ikamletea mkataba, akatia saini. Nywele alizosuka kwa ajili ya Jumapili zilikuwa bado hazijafumuka hata moja. Alilia kwa ajili ya mama yake, akajifuta, akasema, "Malori mawili tu, Baba. Wiki hii naingia."

Basi kila Jumapili mzee alileta hotipoti mbili kwenye kikapu, na mjukuu mkono wa pili. Alimnyanyua mtoto mpaka dirishani, na mtoto akamsimulia mama yake habari za shule na za paka bila kupumua. Gati jipya lilifunguliwa, likapewa Lango la Pili. Bwana wa kofia nyeupe alistaafu, akaja mwanawe, akasema nchi inakua.

Siku moja mzee alijaribu kumnyanyua mjukuu, mgongo ukakataa. Mtoto aliweka mguu kwenye ngazi ya lori, akapanda mwenyewe, akampa mama yake kikapu. Hakuwa na maneno mengi siku hiyo.

"Viatu vimekubana," Kasuku alisema.

"Kidogo."

"Siku hizi unavaa namba ngapi?"

Mtoto alimwambia. Kasuku alifahamu vizuri kilichokuwa kwenye lile kontena nyuma yake, maelfu ya jozi mpya, nyeusi, zenye harufu ya gundi mpaka leo, zote za watoto wa miaka sita. Alimrudishia mtoto kikapu, akamwambia amshike babu yake vizuri wakati wa kuvuka. Kisha akaangalia mbele, akahesabu malori. Yalikuwa mawili.